Nani Aliyemfukuza Saleh Omar?



Katika baraza zetu za pwani, akitajwa mtu aliyehama kwenda nchi ya mbali, suala huwa ni moja: "Kimemtoa nini?" Na majibu huwa mawili. Mmoja atasema, "Amefuata pesa." Mwengine atasema, "Ameikimbia serikali." Kisha kahawa humiminwa, mazungumzo yakageuka, na yule aliyehama akawa amekwisha kuhukumiwa. Ama ni mtu wa tamaa, ama ni mtu wa kuonewa. Hakuna la tatu.

Leo nataka tulitazame suala hilo kwa njia ya kitabu. Kitabu chenyewe ni riwaya iitwayo By the Sea, aliyoiandika Abdulrazak Gurnah kwa Kiingereza, ikachapishwa mwaka 2001. Mwandishi huyu amezaliwa Unguja mwaka 1948. Aliondoka kwao akiwa kijana, miaka michache baada ya Mapinduzi ya 1964, akaenda Uingereza, akasoma huko, na baadaye akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Kent. Mwaka 2021 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, na siku ile simu zetu zilijaa pongezi kutoka Mombasa mpaka Maskati.

Lakini kufurahia tuzo ni jambo moja, na kusoma kitabu ni jambo jengine. Khofu yangu ni kuwa wengi wetu tumempongeza mwandishi bila ya kumsikiliza. Na katika kitabu hiki mna maneno ambayo, kwa maoni yangu, yanatuhusu sisi watu wa majumba ya pwani kabla ya kuwahusu Wazungu.

Kisa chenyewe huanza hivi. Mzee mmoja wa miaka sitini na tano, Saleh Omar, anashuka uwanja wa ndege wa Gatwick, Uingereza, mwezi wa Novemba. Pasipoti aliyonayo haina jina lake. Ina jina la Rajab Shaaban Mahmud. Aliyemuuzia tikiti amemfundisha asiseme Kiingereza akifika, naye anakijua vizuri. Basi ananyamaza, akitamka tu kuwa anaomba hifadhi. Katika mzigo wake mna kijisanduku cha udi, udi wa qamari, ule ulio bora.

Afisa wa uhamiaji, Kevin Edelman, anampekua, anakifungua kile kijisanduku, anausikia udi, na mwisho anakichukua. Na afisa huyu mwenyewe ni mtoto wa wazazi waliotoka Romania kutafuta hifadhi! Lakini yeye anaona wazazi wake walikuwa na haki ya kuja kwa sababu ni watu wa Ulaya, kama jamaa walioingia nyumba ya jamaa zao. Mzee huyu mweusi aliyekwisha kula chumvi nyingi anatafuta nini?

Msomaji wa pwani akifika hapo roho humuuma. Udi kwetu si kitu cha kununua na kuuza tu. Udi ni harufu ya nyumba ya harusi, ya nguo za Idi, na ya chumba alichooshewa maiti. Kumnyang'anya mgeni udi wake ni kumnyang'anya kipande cha nyumbani alichobakiwa nacho. Tunamkasirikia afisa, tunawalaani Wazungu, na tunajisikia sisi ni watu wema.

Basi na tusubiri kidogo, ndugu msomaji, kwani hapo ndipo mwandishi anapotushika mkono na kuturudisha nyuma, miaka thelathini na zaidi, mpaka kwenye mji uliokitoa kijisanduku kile. Na huko tunakuta khabari nyengine.

Udi ule Saleh Omar aliupata kwa mfanyabiashara mmoja, Hussein, mtu wa Bahrain, ambaye alikuwa akija na pepo za kaskazi kama walivyokuwa wakija wafanyabiashara wa Ghuba kwa karne nyingi. Saleh alikuwa na duka la samani. Hussein akawa mteja wake, akanunua kwake kimeza kidogo cha mpingo, wakazoeana. Wakati huo huo Hussein alikuwa amepanga katika nyumba ya karani mmoja, Rajab Shaaban Mahmud, mwenye mke na watoto wawili wanaume, Hassan na Ismail. Kile kimeza cha mpingo alimpa Hassan zawadi. Rajab naye aliingia katika deni na Hussein, na hati ya nyumba yake ikawa rahani.

Kisha Hussein akaja kwa Saleh kukopa pesa, akaiweka kwake hati ile ile ya nyumba ya Rajab. Akasafiri na pepo zake, na hakurudi tena. Kijana Hassan naye akamfuata, akapotea machoni mwa wazazi wake. Pesa za Saleh hazikurudi. Alichobakiwa nacho mkononi ni karatasi. Akaidai nyumba, na sheria ya wakati ule ikampa. Rajab na mkewe na mtoto aliyebaki wakatoka. Hata kile kimeza kilirudi dukani kwa Saleh, na Ismail alipotumwa na mama yake kwenda kukiomba, Saleh alikataa kukitoa.

Likumbuke hilo, msomaji. Mtoto amesimama mlangoni kuomba kimeza cha nduguye aliyepotea, na mtu mzima anamwambia hapana.

Baadaye yakaja mageuzi ya nchi. Waliokuwa wanyonge wakajua njia za kufika kwa wakubwa, na kisasi cha nyumba kikapata mkono wa serikali. Saleh Omar akakamatwa, akakaa kifungoni miaka kumi na moja. Alipofunguliwa akaambiwa kuwa mkewe Salha na binti yake Ruqiya walikufa zamani, mwanzo mwanzo wa kifungo chake. Akafungua kijiduka, akaishi kimya. Ismail naye alikuwa amekwisha kwenda kusoma Ujerumani ya Mashariki, akatoroka huko mpaka Uingereza, akajiita Latif Mahmud, akakata khabari na kwao. Mwisho wa mambo, baada ya miaka zaidi ya thelathini, Hassan akarejea na mali na madai yake juu ya deni lile la zamani. Mzee Saleh akaona mlango wa jela unafunguka mara ya pili. Akachukua jina la hasimu wake aliyekwisha kufa, akapanda ndege.

Sasa nakuuliza, ndugu msomaji. Nani aliyemfukuza Saleh Omar?

Ukisema ni serikali, umesema kweli, kwani ndiyo iliyomfunga bila ya haki. Lakini siku aliyoondoka alikuwa mtu huru mwenye kijiduka chake. Ukisema ni pesa, pia umesema kweli, kwani yote yalianza kwa mkopo na hati ya nyumba. Lakini hakwenda Uingereza kutafuta mali: mtu wa miaka sitini na tano anatafuta mali gani? Ukisema ni hasimu zake, ni kweli. Ukisema ni yeye mwenyewe na ugumu wa moyo wake, ni kweli vile vile. Sababu zake zimesukana kama ukili wa mkeka. Ukivuta kuti moja ukasema "hili ndilo", umeufumua mkeka wote.

Hapa ndipo lilipo la maana zaidi katika kitabu hiki, na ndipo baraza zetu na ofisi za mipakani zinapokosea pamoja. Sheria ya ukimbizi inataka mtu ajieleze kwa sababu inayotambulika. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1951 umetaja sababu tano: mtu kuogopa kuteswa kwa ajili ya rangi au kabila lake, dini yake, uraia wake, kundi la jamii alilomo, au fikra zake za siasa. Mkataba huo ulikuwa kwa ajili ya watu walioathirika na mambo ya kabla ya 1951, khasa katika Ulaya, mpaka Itifaki ya 1967 ilipoondoa mipaka hiyo. Nchi za Afrika, zilipokutana Addis Ababa mwaka 1969, ziliongeza neno la busara. Zilisema kuwa anayekimbia uvamizi, utawala wa kigeni au fujo kubwa iliyovuruga amani ya nchi naye ni mkimbizi. Mikataba hii imeokoa roho nyingi, na mimi siidharau. Bila ya hiyo, wengi wangerudishwa mikononi mwa wauaji wao.

Hata hivyo, karatasi ina nafasi ndogo. Humo hamna mahali pa kuandika, "Nilimnyima mtoto kimeza." Hamna mahali pa kuandika, "Jirani zangu walinyamaza nilipochukuliwa." Basi mwenye kuomba hifadhi hujifunza kuukata ukweli wake upate kuingia katika kisanduku cha fomu, kama mshonaji akatavyo kitambaa. Wengine hukata kidogo, na wengine hukata mpaka kikabaki kitu ambacho si chao tena. Saleh Omar amekata mpaka jina lake.

Sisemi kuwa uongo wake ni mzuri. Mwandishi naye hasemi hivyo, na hili nalisifu. Wahenga wamesema njia ya mwongo ni fupi, na hapa njia hiyo ni fupi kweli kweli. Wale wanaomhudumia mzee, wakidhani hajui Kiingereza, wanatafuta mtu wa kuwafasiria lugha yake. Wanayempata ni profesa mmoja wa London aitwaye Latif Mahmud. Huyo si mwengine ila ni Ismail, mtoto wa yule yule Rajab Shaaban Mahmud ambaye jina lake limeibwa, na ndiye yule mtoto aliyesimama mlangoni kuomba kimeza! Mtu amesafiri nusu ya dunia kumkimbia ndugu mmoja, na huko akakutana na wa pili.

Na wanapokutana, hawapigani. Wanakaa katika kijumba cha mzee kando ya bahari, wanakunywa chai, na kila mmoja anaeleza kisa kama alivyokijua. Mmoja anajua alichokiona mtoto, mwengine anajua alichokiona mtu mzima mwenye duka. Hakuna aliyekuwa na kisa kizima. Suluhu iliyoshindikana katika mtaa mmoja, watu wakisali Ijumaa moja na kuzikana makaburi mamoja, ikapatikana ugenini baada ya vifungo, vifo na safari ya maelfu ya maili. Hilo si jambo la kutufurahisha tu, msomaji. Hilo ni jambo la kututia haya.

Kwani tuseme kweli: nini kiliwazuia kukaa namna ile kwao? Chai ilikuwapo. Baraza lilikuwapo. Hata jamaa walikuwapo, kwani wazee wa nyumba mbili hizi walikwisha kuungana kwa ndoa. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kusema, "Na tukae, tuzungumze, kabla hatujaenda kwa hakimu."

Hapa nitamlaumu Saleh Omar, ingawa ndiye mwenye kusimulia na ndiye tunayemwonea huruma. Yeye hujitetea kuwa karatasi ilikuwa mkononi mwake, na kuwa hakufanya ila lile sheria iliyomruhusu. Msomaji asidanganyike na utamu wa sauti yake. Qurani Tukufu katika Suratul Baqara imetuamrisha kuandika madeni, katika aya ya 282, nayo ndiyo aya ndefu kupita zote. Aya ya 283 ikataja rahani. Lakini kabla ya hizo, katika aya ya 280, tumeamrishwa kumngojea mdaiwa mwenye dhiki mpaka apate wasaa, na tukaambiwa kuwa kumsamehe ni kheri zaidi kwetu. Saleh Omar aliishika vizuri ile aya ya karatasi, akaisahau ile aya ya huruma. Na wanavyuoni wa fikihi wamefundisha kuwa rahani haimezwi yote kwa sababu deni halikulipwa. Huuzwa, mwenye kudai akachukua haki yake, na kinachozidi hurudi kwa mwenyewe. Jumba la watu si thamani ya mkopo wa mtu wa tatu aliyesafiri na pepo.

Je, ni majumba mangapi ya pwani yetu, kutoka Lamu mpaka Kilwa, ambayo leo yana kufuli kwa ajili ya mambo kama haya? Mirathi isiyogawiwa, wasia usioandikwa, shamba la mayatima lililoandikishwa kwa jina la ami, deni la harusi lililogeuka uadui. Mtoto mmoja akaenda Dubai, wa pili London, wa tatu hajulikani alipo. Tukiulizwa kilichowatoa, tunasema, "Maisha magumu." Neno hilo ni kweli, lakini limefunika mengi. Mara nyengine ugumu wa maisha una jina, na jina hilo liko katika ukoo.

Sikusudii, kwa kusema haya, kuwapunguzia mzigo wenye kutawala kwa jeuri. Mtu akimfunga mwenzake bila ya hukumu ya haki, dhambi ni yake yeye aliyefunga, wala ugomvi wa jirani hauwi udhuru wake. Lakini tazama jinsi dhulma kubwa inavyopenda kupita katika mlango uliofunguliwa na dhulma ndogo. Mkono wa serikali haujui nani wa kumkamata mpaka mtu wa mtaa amnyooshee kidole. Na baada ya kidole kunyooshwa, hubaki kazi moja tu kwa wengine wote, nayo ni kunyamaza. Mji mzima ukinyamaza, wenye kuondoka huondoka.

Hayo ndiyo mema ya kitabu. Sasa niyataje ninayoyaona kuwa ni mapungufu yake, kwani kumsifu mwandishi bila ya kumkosoa ni kumvunjia heshima.

Kwanza ni wanawake. Kisa hiki kinasimuliwa na wanaume wawili, Saleh na Latif. Wanawake tunawajua kwa yaliyowapata, au kwa yale wanaume waliyoyasema juu yao. Salha alikaa peke yake na mtoto, mumewe hajulikani yu hai au amekufa. Aliishije? Nani alibisha hodi kwake, na nani alipita upande wa pili wa njia? Hatuambiwi. Nilipokuwa nikisoma nilikumbuka Suratun Nisaa. Katika aya ya 97 wanalaumiwa wale walioweza kuhama kuiepuka dhulma wasihame, na ardhi ya Mungu ilikuwa pana. Lakini mara tu baada yake, katika aya ya 98, wanatolewa wanyonge katika wanaume, wanawake na watoto, wasiokuwa na uwezo wala njia ya kutokea. Wenye kuhama tunawaandikia riwaya. Wale wasiokuwa na njia ya kutokea nani atawaandikia? Salha na Ruqiya walistahiki sura moja yao wenyewe.

Pili ni dini. Katika kitabu hiki msikiti ni mahali pa kujisitiri mtu aliyekwisha kushindwa. Rajab Shaaban anashika ibada baada ya mambo kumharibikia, na watu wanamtazama kama mtu aliyejizika. Hatumwoni mtu wa dini akisimama kati ya nyumba mbili hizi mpaka zikapatana. Mwanzo nilitaka kumlaumu mwandishi kwa hili. Kisha nikajiuliza kama kweli amesingizia. Mara ngapi tumewaona wenye ilimu wakisoma khitima ya marehemu kwa sauti nzuri, hali wanawe waliokaa pembeni hawasemezani kwa ajili ya nyumba yake, na hakuna aliyewaita? Basi lawama hii nimeigawa nusu kwa nusu, na nusu yetu nimeiona nzito zaidi.

Tatu ni lugha. Kitabu kimejaa maneno yetu na mila zetu, lakini kimeandikwa kwa lugha ambayo Bi mkubwa wa Mji Mkongwe, aliyeyaona mambo yale kwa macho yake, hawezi kuisoma. Riwaya yake nyengine, Paradise, imefasiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis, ikatoka mwaka 2022 kwa jina la Peponi. Hiyo ni kazi njema ya kushukuriwa, na ingefaa vitabu vyake vyote vifuate njia hiyo, vipate kusomwa kwa sauti nyumbani baada ya sala ya Isha, wazee wakakubali na kukataa.

Kuna jambo moja jengine la kukumbusha, kwa kuwa ni la mwaka ule ule kilipochapishwa kitabu. Mwezi wa Januari 2001, tarehe 26 na 27, maandamano ya wafuasi wa chama cha CUF katika Zanzibar yalizimwa kwa risasi. Watu waliuawa, wengi wao Pemba, na zaidi ya watu 2,000 walivuka bahari kwa vyombo vyao mpaka Shimoni, pwani ya Kenya. Nchi iliyozoea kupokea wakimbizi wa wengine ikatoa wakimbizi wake. Mwezi wa Oktoba mwaka huo CCM na CUF walitia saini Muafaka, na wengi wa waliokimbia walirudi makwao. Na miaka kumi kabla ya hapo, serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, ndugu zetu wa Barawa, ambao Chimiini chao ni Kiswahili, walikuja Mombasa kwa bahari na watoto wao.

Sisi wa pwani, kwa hivyo, tumekuwa pande zote mbili za suala hili. Tumekimbia, na tumekimbiliwa. Mwishoni mwa mwaka 2024 Umoja wa Mataifa ulihesabu zaidi ya watu milioni 120 duniani waliolazimika kuyahama makwao. Wengi wao hawakufika Ulaya. Wamo ndani ya nchi zao, au katika nchi ya jirani isiyokuwa na mali. Mgeni wa kweli habishi hodi Gatwick peke yake. Yuko Shimoni, yuko Mombasa, yuko Dadaab, yuko Nyarugusu. Je, na sisi tunamfungulia mzigo wake kama Kevin Edelman, tukaunusa udi wake, tukaubakisha?

Nitamaliza kwa kisa ambacho kila mtoto wa chuoni anakijua, lakini nadhani hatukukizingatia vya kutosha. Yapata mwaka 615, mwaka wa tano wa Utume, masahaba walioteswa Makka walihamia Habasha kwa ruhusa ya Mtume (s.a.w.). Katika hijra ya pili walikuwa zaidi ya wanaume 80, na wanawake na watoto pamoja nao. Makureshi wakawatuma wajumbe wawili, Amr bin Al-As na Abdullahi bin Abi Rabia, na zawadi kwa Najashi, ili wakimbizi warudishwe. Najashi, naye wakati ule ni mfalme wa Kikristo, alikataa kuwatoa mpaka awasikilize wenyewe. Hiyo ndiyo adabu ya mwenye nyumba.

Aliyesimama kujibu ni Jaafar bin Abi Talib. Na tazama alivyojibu. Hakuanza kwa kuwatukana Makureshi, wala hakuanza kwa mateso yaliyowapata. Alianza kwa kueleza hali ya kwao kabla ya Mtume kuja: kuwa walikuwa wakikata udugu, wakiwafanyia ubaya majirani zao, na mwenye nguvu miongoni mwao akimla mnyonge. Kisha ndipo akaeleza dini aliyokuja nayo Mtume, na mateso waliyoyapata kwa kuifuata. Alipoulizwa sababu ya kuhama, Jaafar alimweleza mfalme maradhi ya mji mzima, yakiwamo ya ujirani na udugu. Najashi akazirudisha zawadi, na wageni wakabaki katika amani.

Jaafar hakukata ukweli wake upate kuingia katika fomu, na mfalme hakumtaka aukate. Ndiyo maana kisa kile kinasomwa mpaka leo.

Basi, ndugu msomaji, ukiweza kusoma kitabu hiki, kisome. Ukiwa na kijana nyumbani anayejua Kiingereza, mwambie akusimulie. Kisha usiku huo, kabla hujalala, fungua kabati unapoweka karatasi za nyumba. Tazama zimeandikwa kwa majina ya nani, na nani ana haki ndani yake ambaye jina lake halimo. Kama kuna ndugu uliyemkataa mlangoni kwa ajili ya kimeza, mpigie simu angali hai, naye yuko Mombasa, yuko Toronto, yuko popote. Na akitokea mgeni mtaani kwako ambaye sababu zake huzijui zote, usimwulize "umekimbia nini?" mpaka umekwisha kumpa maji.

Mwenyezi Mungu awarejeshe waliotawanyika, awape subira waliobaki, na atusamehe sisi tuliokuwa sababu bila ya kujua, na sisi tuliokuwa sababu hali tunajua. Amin.